Mwani Gani?

Mtu akiambiwa na mtaalamu wa lishe "kula majani", hataondoka hapo ameridhika. Atauliza ni majani gani, mabichi au ya kupika, kiasi gani kwa siku. Anajua kwamba nchi kavu imejaa majani ya kila namna: mengine mboga, mengine dawa, mengine sumu. Lakini likija suala la mwani, hata watu makini huridhika na neno moja tu. Mwani una madini. Mwani unasaidia tezi. Kula mwani. Nimesoma makala nyingi za afya zilizoandikwa kwa mtindo huo, na kila nikimaliza moja nabaki na swali ambalo mwandishi hakuligusa: mwani gani?

Nalishikilia swali hili kwa sababu naupenda mwani kama chakula. Naamini ule unaoota wenyewe kwenye miamba, ukavunwa kwa kisu, ukaanikwa na kuwekwa kwenye chupa jikoni, unastahili kuwa mboga ya kila siku kama mboga nyingine yoyote. Hauhitaji shamba, maji baridi wala mbolea. Lakini hautafika mezani ukakaa iwapo tutaendelea kuutangaza kama kitu kimoja chenye miujiza mingi. Mboga ya kila siku ni ile unayoijua jina, tabia na kipimo.

Tuanze na ukoo, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Neno mwani limebeba makundi matatu: wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Hayo si marangi tu. Mwani wa kijani ni ndugu wa mimea ya nchi kavu; una undugu wa karibu zaidi na mti wowote wa msituni kuliko ulio nao na mwani wa kahawia unaoota nao bega kwa bega kwenye jiwe moja. Kombu na wakame wanazozijua wapishi wa Japani ni za kahawia. Nori, ile karatasi nyembamba ya kufungia wali, ni nyekundu, ingawa ikishakaushwa huonekana nyeusi na ikipitishwa motoni hugeuka kijani. Viumbe vilivyoachana zamani kiasi hicho havitarajiwi kuwa na lishe moja.

Chukua iodini, madini yanayotajwa kuliko yote mwani unapozungumziwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Karatasi moja ya nori ina uzito wa gramu tatu hivi. Kwa nori yenye mikrogramu 16 kwa gramu, karatasi hiyo inakupa takriban theluthi moja ya mahitaji ya siku. Ni kiwango kizuri cha mboga: unaweza kuila leo, kesho na keshokutwa bila kuwaza. Sasa weka kando yake kipande cha kombu kavu. Gramu moja tu, kipande kisichozidi upana wa vidole viwili, inaweza kubeba zaidi ya mikrogramu 2,000. Hayo ni mahitaji ya karibu wiki mbili ndani ya kitu unachoweza kukitafuna ukisubiri maji yachemke. Wataalamu wa usalama wa chakula barani Ulaya wameweka ukomo wa mikrogramu 600 kwa siku kwa mtu mzima. Wa Marekani wameuweka 1,100. Kipande chetu kimevuka yote mawili.

Kwa hiyo anayesema "mwani una iodini" hajasema uongo, ila hajamsaidia mtu. Mwenye upungufu anaweza kupona kwa mwani mmoja, na mwenye tezi dhaifu anaweza kuumia kwa mwingine. Iodini ikipungua, tezi ya shingoni huvimba ikawa rovu. Ikizidi sana, tezi ile ile inaweza kuzimika au kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 2009 huko Australia maziwa ya soya yaliyotiwa kombu yaliondolewa sokoni baada ya watu kuugua tezi. Wanywaji hawakuwa na habari kwamba wanakula mwani, achilia mbali mwani gani. Walikuwa wanakunywa maziwa yao ya asubuhi. Kisa kile kinanisumbua mpaka leo, kwa kuwa kila mmoja katika mnyororo ule angeweza kudhani anafanya jambo jema: kombu ni chakula cha asili, kina ladha nzuri, kina madini. Kilichokosekana ni kipimo.

Na kipimo hakihitaji maabara ya nyumbani. Mpishi anayeijua kombu huiloweka au kuitia kwenye maji ya moto, akapata mchuzi, kisha huitoa. Iodini nyingi huhamia kwenye maji hayo. Anayetaka ladha na kiasi kidogo cha madini hutumia kipande kidogo kwa sufuria kubwa ya watu wengi. Anayetaka kula jani lenyewe hulichemsha kwanza na kuyamwaga maji. Mbinu hizi zilikuwepo karne nyingi kabla mtu hajajua kuna kitu kinaitwa iodini. Iodini yenyewe ilikuja kugunduliwa na Mfaransa Bernard Courtois mwaka 1811, akichezea majivu ya mwani uliochomwa kwa ajili ya kutengenezea baruti. Akatia asidi kupita kiasi, ukafuka moshi wa zambarau. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, Jean-François Coindet, akaanza kutibu rovu kwa iodini. Kabla ya hapo waganga walikuwa wakitumia sponji na mwani uliochomwa kwa ugonjwa huo huo, bila kujua kwa nini unafanya kazi.

Jambo la pili linalohitaji hesabu ni protini. Utasikia kwamba nori ina protini asilimia 30 au zaidi ya uzito wake mkavu, na kwamba hiyo inaikaribia soya. Ni kweli. Lakini nani anakula gramu mia za nori kavu? Hizo ni karatasi zaidi ya thelathini. Gramu tano kwa siku, ambazo ni kiasi cha kawaida kwa mlaji wa kweli, zinakupa gramu moja na nusu ya protini. Mwani wa kahawia unashuka chini zaidi ya hapo. Mtu anayekuuzia mwani kama badala ya maharage anakudanganya kwa kutumia takwimu sahihi, na nadhani udanganyifu wa aina hiyo ndio umeufanya mwani uonekane chakula cha watu wa ajabu ajabu. Watu hununua pakiti moja, hawaoni muujiza, pakiti inaozea kabatini.

Faida zake halisi ni za aina nyingine, na kwangu zinatosha. Kuna nyuzinyuzi, ambazo mara nyingi ni theluthi moja ya uzito mkavu au zaidi, nyingi zikiwa za aina laini inayovimba kwenye maji na kuteleza tumboni. Kuna magnesiamu, potasiamu, kalsiamu na chuma, kwa viwango vinavyotofautiana kutoka aina hadi aina. Nori ina vitamini B12, ambayo ni adimu nje ya vyakula vya wanyama, ingawa wanaoacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa nisingewashauri waitegemee peke yake. Wanaotumia dawa za kuyeyusha damu kama warfarin wazungumze na daktari wao kwanza, maana baadhi ya mwani una vitamini K ya kutosha kuvuruga dozi.

Halafu kuna ladha, ambayo wanalishe huisahau na wapishi huianza. Ukikitoa kipande cha kombu nzuri kwenye pakiti utaona unga mweupe umekishika juu, kama vumbi la chokaa. Wengi hudhani ni ukungu wakauosha kwa maji mengi. Unga ule ni sukari ya mwani wenyewe, manitoli, pamoja na chumvi za bahari. Unafutwa kidogo kwa kitambaa kibichi, haukwanguliwi. Weka kipande hicho kwenye maji ya vuguvugu ukiangalie. Mwanzoni hakifanyi kitu. Kisha kingo zinalegea, katikati panainuka, rangi ya kahawia iliyokufa inarudi kuwa ya zeituni, na baada ya nusu saa una jani nene linaloteleza mkononi, mara mbili au tatu ya lilivyokuwa. Yaonje yale maji. Hayana chumvi nyingi, lakini yanajaza kinywa. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda aliyafanyia kazi maji ya namna hiyo mpaka akaitenga glutameti, na ladha yake akaiita umami. Kwa mtu anayepambana na shinikizo la damu, sufuria ya mchuzi inayoridhisha ulimi kwa chumvi kidogo ni msaada mkubwa kuliko orodha ndefu ya vitamini.

Upo utafiti mmoja ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 2010 wanasayansi waliokuwa wakichunguza vimeng'enya vya kuvunja sukari ngumu za nori walivikuta kwa bakteria wa baharini, kisha wakazikuta jeni zake ndani ya bakteria wa utumbo wa Wajapani. Kwa Wamarekani Kaskazini waliolinganishwa nao hawakuzipata. Maelezo yao ni kwamba bakteria wa baharini waliingia tumboni wakiwa juu ya mwani, na wakawarithisha wenyeji wa huko ufundi wao. Yaani mlo uliorudiwa vizazi na vizazi ulibadilisha wanaoishi matumboni mwa walaji. Hicho hakipatikani kwa kidonge cha unga wa mwani kinachomezwa mwezi mmoja na kuachwa.

Wala haya si mambo ya Asia pekee. Huko Monte Verde, kusini mwa Chile, wanaakiolojia walikuta mabaki ya aina tisa za mwani kwenye makazi ya watu walioishi takriban miaka 14,000 iliyopita, mengine yakiwa yametafunwa pamoja na mimea ya nchi kavu. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza ukoga ulioganda kwenye meno ya kale ya Ulaya, kutoka maeneo 28, walitangaza kwamba wakazi wa bara hilo walikuwa wakila mwani na mimea ya maji baridi hadi mwanzoni mwa zama za kati. Baadaye sehemu kubwa ya Ulaya ikaja kuuona kama chakula cha njaa au cha mifugo. Kwenye kingo za bara hilo haukufutika: Wales walibaki na nori yao ya mwituni, wanayoichemsha kwa saa nyingi mpaka iwe rojo jeusi, Ireland na Iceland walibaki na dulse, mwani mwekundu unaotafunwa mkavu kama nyama ya kuanika.

Sasa tuje kwenye kuvuna. Kwa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2019 dunia ilizalisha tani milioni 35.8 za mwani mbichi, na asilimia 97 ilitoka mashambani. Ulioota wenyewe ulikuwa tani milioni 1.1, na mwingi wa huo huenda viwandani kukamuliwa gundi za kutiwa kwenye dawa za meno na aiskrimu, au hulishwa wanyama na udongo. Ukiziangalia namba hizo unaweza kusema mwani wa mwituni umepitwa na wakati. Mimi nazisoma vingine. Mtu akila gramu tano za mwani mkavu kila siku, kwa mwaka anahitaji kilo moja na gramu mia nane. Mwani mbichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 90, kwa hiyo kilo hizo zinatokana na kilo 9 hadi 18 za mbichi. Mwamba wenye afya unaweza kumpa mvunaji hizo kwa majira machache ya maji kupwa. Mwani wa mwituni hauwezi kulisha viwanda. Kaya unaziweza, mradi mvunaji ajue anakata nini.

Na hapa swali letu linarudi kwa ukali zaidi, kwa sababu kila aina ina mahali pake pa kukatwa. Nenda siku ya bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, bahari inapokauka kupita kawaida na kufichua miamba ambayo siku nyingine huioni. Jamii ya kombu utaikuta imelala, mikanda mirefu iliyobwagwa juu ya mawe, kila mmoja una kishikio kilichong'ang'ania mwamba kama kiganja chenye vidole vingi, kisha shina, kisha jani. Anayeanza huvuta. Akivuta, kishikio kinang'oka na mwani ule umekufa. Aliyefundishwa huangalia pale shina linapokutana na jani, maana hapo ndipo jani linapokulia. Ukuaji wake hauko nchani kama tulivyozoea kwa miti. Hukata juu ya hapo, akiacha kiasi cha kiganja cha jani, na kilichobaki kinasukuma jani jipya. Lakini ukiupeleka ujuzi huo kwa Alaria esculenta, ndugu yake mwenye mshipa katikati ya jani, lazima uongeze jambo: majani madogo yaliyo chini karibu na kishikio ndiyo yanayobeba spora, chembe za kuzalia mwani mpya, na hayo hayaguswi. Ukija kwa Ascophyllum nodosum, wenye vifuko vya hewa kama shanga, umefika kwa mwani unaokua polepole na kuishi miaka mingi. Jimbo la Maine huko Marekani linataka mvunaji abakize walau inchi 16 za mwani huo, karibu sentimita 40, juu ya kishikio.

Nori ya mwituni ina fumbo lake. Wakulima wa Japani waliitegemea kwa karne nyingi bila kujua mbegu yake hutoka wapi. Majira yakifika ilitokea, na miaka mingine haikutokea. Mwaka 1949 Mwingereza Kathleen Drew-Baker alichapisha jibu. Nori huzimaliza siku zake za joto ikiwa kitu kingine kabisa, nyuzi ndogo za waridi zilizojichimbia ndani ya makombe ya chaza na kome chini ya bahari. Wataalamu walikuwa wamezifahamu nyuzi hizo, ila walidhani ni kiumbe tofauti na wakakipa jina lake. Ugunduzi ule uliokoa kilimo cha nori, na huko Uto, mkoa wa Kumamoto, wamemjengea mnara wanakokusanyika kila tarehe 14 Aprili. Mvunaji wa mwituni naye ana la kuchukua hapo: mwamba wake unaweza kuwa salama na bado mavuno yakakoma, kwa kuwa makombe yaliyo mbali na macho yake yamezolewa au kufukiwa na matope.

Usalama ni swali lile lile kwa sura nyingine. Mwani hunyonya kilichomo kwenye maji, kwa hiyo usivune karibu na bandari, mlango wa mto uliobeba majitaka, au chini ya kiwanda, hata kama unapendeza kwa macho. Uliosukumwa ufukweni ukalala hapo haufai kuliwa. Hujui umekufa lini. Desmarestia, wa kahawia, hutunza asidi ya salfa kwenye seli zake na ukiuweka kwenye kikapu utaharibu na mwenzake. Hijiki, mwani mwingine wa kahawia unaopendwa na wengi, ina aseniki ya aina mbaya kwa kiwango ambacho mwaka 2004 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wasiile. Na huko Guam mwaka 1991 watu 13 waliugua na watatu wakafa baada ya kula mwani mwekundu ambao watu wa kisiwa hicho walikuwa wakiula siku zote. Sumu ilikuwemo ndani ya mwani ule safari ile. Visa kama hivyo ni nadra mno, na sitaki mtu auogope mwani kwa ajili yake. Nataka amsikilize mwenyeji anayesema "mwamba ule tuuache kwanza", hata kama hawezi kueleza sababu.

Haki ya kuvuna ni mjadala unaopamba moto, na msimamo wangu uko wazi. Mahakama kuu ya Maine iliamua mwaka 2019 kwamba mwani wa Ascophyllum unaoota kati ya maji kupwa na maji kujaa ni mali ya mwenye ardhi iliyopakana na ufukwe, hivyo kampuni haiwezi kuuvuna bila ruhusa yake. Naelewa hofu ya uvunaji wa mashine. Lakini sheria inayomtazama mwenye tingatinga la majini na mwenye kisu na kikapu kwa jicho moja inamwadhibu asiyehusika. Mwenye kikapu apewe nafasi yake, kwa masharti ya aina, kimo cha kukata na majira.

Kwa anayenunua, sharti ni moja na ni dogo. Pakiti ieleze jina la aina, mahali ilipovunwa, lini, na iodini kiasi gani kwa gramu. Pakiti nyingi bado zimeandikwa "mwani" tu, au "mboga za bahari", kana kwamba hayo ni maelezo. Mimi huzirudisha rafuni. Nikiipata iliyoandikwa sawasawa, huifungua siku hiyo hiyo: nori huipitisha juu ya moto mara mbili, haraka, mpaka nyeusi igeuke kijani, halafu huivunjavunja kwa vidole juu ya chakula kilicho moto, karatasi moja kwa watu wawili.